“Sasisha kivinjari” maana yake kanunue simu

Mwaka 2021 nilitengeneza fomu ya kujiunga kwa chuo kimoja kidogo ambacho sitakitaja. Niliijaribu kwenye kompyuta yangu, kwenye simu yangu na kwenye simu ya mkuu wa chuo, kote ikafunguka safi, nikalipwa. Wiki ya pili akanipigia mama mmoja wa Singida. Namba yangu alipewa na mhasibu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Ni wewe uliyetengeneza hii fomu ya chuo?”

“Ndiyo mama.”

“Mbona nyeupe?”

Nyeupe kweli. Hakuna neno, hakuna kitufe, hakuna hata nembo ya chuo. Ukurasa mtupu kama karatasi iliyotoka kwenye bunda. Nikamwambia kile ambacho sisi mafundi wa tovuti humwambia kila mtu: mama, sasisha kivinjari. Baada ya kueleweshana kivinjari ni kitu gani (“hiyo Chrome, mama, hiyo duara yenye rangi”), akamwita kijana wa jirani, kijana akaingia Play Store, na mama akarudi kunisomea polepole kilichoandikwa pale: kifaa chako hakioani na toleo hili.

“Sasa mwanangu, kifaa ndicho hiki. Nifanyeje?”

Sikuwa na jibu. Simu yake ilikuwa ya Android 4.2, na kwa simu za kizazi hicho Chrome iliishia kwenye toleo la 71, mwishoni mwa 2018. Nilichokuwa nimemwambia mama yule, kwa lugha ya sokoni, ni hiki: nenda kanunue simu nyingine kwanza, halafu ndipo mwanao aombe chuo.

Ubishi kuhusu kama watengeneza tovuti waendelee kubeba vivinjari vya zamani umekuwapo tangu baadhi ya wanaobishana leo wako shule ya msingi, na kila ukianza lazima atajwe marehemu mmoja: Internet Explorer 6, kivinjari cha Microsoft. Sina nia ya kumtetea marehemu. Alizaliwa Agosti 2001, na kwa kuwa Microsoft ilikuwa imekwisha kumwangusha mpinzani wake Netscape, ilijilalia. Toleo la 7 halikuja mpaka Oktoba 2006. Miaka mitano mizima kivinjari kilichoshika karibu dunia yote hakikusogea. Waliofanya kazi hii wakati ule wanakumbuka picha za PNG zilizotakiwa kuonyesha kilicho nyuma yake zikitokea na kiraka cha kijivu, na nafasi ya pembeni uliyoiandika mara moja ikijizidisha mara mbili bila kuombwa. Ulitengeneza tovuti siku tatu, kisha ukaitengeneza tena siku tatu nyingine kwa ajili ya huyo mmoja. Hata mwaka 2012, duka la mtandaoni la Kogan la Australia lilichoka likatangaza “kodi” ya asilimia 6.8 kwa kila mteja aliyekuja na Internet Explorer 7: asilimia 0.1 kwa kila mwezi tangu toleo hilo litoke. Ilikuwa mzaha wa kibiashara, lakini fundi yeyote aliyesikia alicheka cheko la mtu anayelipwa deni lake.

Kisa ninachokipenda zaidi katika mazishi ya kivinjari kile ni cha YouTube. Katikati ya 2009 wahandisi wachache wa hapo, mmoja wao Chris Zacharias, walichoshwa na Internet Explorer 6, ambayo wakati huo ilikuwa ikitumiwa na takriban asilimia 18 ya watazamaji wao. Wakaweka bango juu ya video, likisema kwamba karibuni YouTube itaacha kukihudumia kivinjari hicho, pamoja na viungo vya kupakua vivinjari vingine. Kwa maelezo aliyoyatoa Zacharias mwenyewe miaka kumi baadaye, hawakumwomba ruhusa mtu yeyote wa juu. Walitumia upenyo wa ruhusa za zamani za kubadilisha msimbo (maandishi ya programu yanayoendesha tovuti), wakanyamaza. Waandishi wa habari walipoanza kuuliza ndipo wakubwa walipojua. Wanasheria nao wakaja, wakitaka tu kuhakikisha Chrome haijapendelewa kwenye mpangilio wa viungo. Ndani ya mwezi mmoja matumizi ya Internet Explorer 6 kwenye YouTube yalikuwa yameshuka nusu. Timu nyingine za Google ziliona bango, zikadhani limepitishwa kihalali, nazo zikaweka ya kwao.

Hadithi hiyo inasimuliwa kwa furaha kila mahali, na imetuachia somo ambalo ndilo ninalolipinga leo: mbane mtumiaji, atahama mwenyewe, na wote tutapumua.

Lilifanya kazi mwaka 2009 kwa sababu ya hali ya mwaka 2009. Aliyeliona bango lile alikuwa amekaa mbele ya kompyuta ambayo ingeweza kupokea Firefox siku hiyohiyo, bure, kwa dakika kumi za kupakua. Asiyeweza alikuwa mfanyakazi wa ofisini aliyefungiwa na idara yake ya kompyuta, na hapo shinikizo lilikwenda kwa mwenye uwezo wa kubadilisha: bosi aliyechoka kusikia malalamiko. Kivinjari kilikuwa cha zamani kwa uzembe au kwa uamuzi wa mtu. Dawa ilikuwepo, tena haikuuzwa.

Leo uzembe huo umebaki kidogo sana. Chrome, Edge na Firefox hujisasisha zenyewe usiku wewe umelala. Ukikutana na mtu mwenye kivinjari cha miaka sita iliyopita, karibu kila mara kuna kitu chini ya kivinjari kilichokataa kusonga. Chrome ya Android iliacha simu za Android 7 mwishoni mwa 2023, na toleo la 138 la mwaka 2025 ndilo la mwisho kwa Android 8 na 9. Kwenye kompyuta, toleo la 109 la Januari 2023 ndilo la mwisho kwa Windows 7. Ingia steshenari yoyote iliyo karibu na stendi ya wilaya, au saiba ya mji mdogo Kenya, uangalie mashine anayotumia kijana anayewajazia watu fomu. Mara nyingi ni Windows 7, na Chrome yake imegota kwenye 109 kama saa ya ukutani iliyoishiwa betri.

iPhone ni kisa kibaya zaidi, na wengi hawakijui. Apple hailazimishi tu toleo la mfumo. Nje ya Umoja wa Ulaya na Japani, kila kivinjari kwenye iPhone, hata kikiitwa Chrome au Firefox, kinaendeshwa na injini ya Safari, kivinjari cha Apple, iliyomo ndani ya mfumo wenyewe. Mfumo ukigota, vyote vimegota. iPhone 6 iliishia mfumo wa iOS 12. iPhone 7 iliishia iOS 15. Na hizo ndizo zilizofurika Kariakoo ya Dar es Salaam na barabara ya Luthuli ya Nairobi kama “used” na “ex-UK”, zikinunuliwa na kijana aliyejinyima miezi minne ili ashike tunda lililong’atwa. Anapakua Chrome akidhani amepata kivinjari kipya, kumbe amepaka rangi gari lilelile.

Kuna pia simu ambayo ingeweza kusasishwa lakini imejaa. Simu ya GB 8, nusu imeliwa na mfumo, robo na WhatsApp na video za harusi za ukoo mzima. Play Store inasema nafasi haitoshi. Mwambie mtu huyo achague kati ya toleo jipya la kivinjari na picha za marehemu baba yake, uone atafuta nini.

Kwa hiyo ninaposikia fundi mwenzangu akisema “hatuwezi kubeba vivinjari vya zamani milele”, namuuliza anazungumzia uzee wa aina gani. Uzee wa kukaidi tuubane, sina huruma nao. Microsoft yenyewe iliifunga Internet Explorer 11 tarehe 15 Juni 2022, na ofisi inayoing’ang’ania leo inajitakia. Uzee wa kukosa ni jambo jingine, na bango la 2009 haliusaidii. Linamtangazia mtu umaskini wake kwa herufi kubwa.

Jibu ninalolipata huwa ni takwimu. Fundi anafungua ripoti ya wageni wa tovuti yake, ananionyesha kwamba wenye vivinjari vya zamani hawafiki hata mmoja katika mia. Tunapoteza muda wetu kwa ajili ya nani?

Hapa namrudia Zacharias, mtu yuleyule wa bango. Mwishoni mwa mwaka uleule wa 2009 alikuwa na kazi nyingine: ukurasa wa kutazama video wa YouTube ulikuwa umenenepa hadi MB 1.2, naye akajipa changamoto ya kuuteremsha chini ya KB 100. Aliondoa karibu kila kitu, akafika KB 98. Ukawekwa kwa sehemu ya watazamaji, na baada ya wiki akaenda kuangalia namba kwa matumaini ya mtu aliyepunguza mzigo mara kumi na mbili. Wastani wa muda wa kufunguka ulikuwa umepanda. Ukurasa mwepesi ulionekana mzito kuliko ule mnene! Alihangaika nao mpaka alipozigawa namba kijiografia: watazamaji walikuwa wameongezeka kwa wingi kutoka Kusini-Mashariki mwa Asia, Amerika ya Kusini, Afrika, hadi Siberia. Kwao ukurasa wa zamani ulichukua zaidi ya dakika 20, yaani hawakuwa wakiuona kabisa. Huu mpya ulichukua kama dakika mbili. Dakika mbili ni kero kwa mtu wa California. Kwa mtu wa huku ilikuwa ndiyo mara ya kwanza kuona video. Waliingia, na kwa kuingia kwao wakaharibu wastani.

Kisa chake kilihusu uzito wa ukurasa, hakikuhusu umri wa kivinjari, lakini kasoro ya hesabu ni ileile. Ripoti ya wageni huandikwa na msimbo unaofanya kazi ndani ya ukurasa. Ukurasa ukiwa mweupe, mara nyingi na huo msimbo wa kuhesabu haukuamka. Mama wa Singida hakuwa asilimia 0.3 kwenye ripoti yangu. Hakuwepo. Mwenye duka akifunga mlango kisha akahesabu waliomo ndani, atakuambia wateja wake wote wanapita mlangoni bila shida.

Tena kuna hesabu nyingine iliyofichwa ndani ya vifaa vyetu vya kazi, na sidhani kama mafundi wengi wanajua kwamba wameikubali. Programu nyingi tunazotumia kuugeuza msimbo kuwa tovuti hutumia kanuni iitwayo Browserslist kuamua ni vivinjari gani vihudumiwe. Usipoandika chochote, mpangilio wake wa kawaida unachukua vilivyozidi asilimia 0.5 ya matumizi, matoleo mawili ya mwisho, toleo la muda mrefu la Firefox, ukitoa vilivyokwisha kufa. Asilimia 0.5 ya wapi? Ya dunia nzima. Kivinjari kinaweza kuwa vumbi kwenye hesabu ya dunia na kuwa mtaa mzima kwenye hesabu ya Kigoma, kwa kuwa Kigoma yenyewe ni vumbi kwenye hesabu ya dunia. Kifaa hicho kinakubali uandike takwimu za nchi moja, hata za tovuti yako mwenyewe. Ni mstari mmoja tu. Sijaona miradi mingi ya kwetu iliyouandika. Uamuzi wa nani aingie na nani abaki nje umefanywa na mpangilio wa kiwandani, na mteja aliyelipa hajaulizwa.

Sasa nirudi kwenye weupe, maana ndani yake kuna jambo la kiufundi ambalo watu wasio wa kazi hii wangefurahi kulijua. HTML, lugha inayobeba maneno na fomu za ukurasa, na CSS, inayoupamba, zina tabia ya mgeni mstaarabu: kikiletwa chakula asichokijua, anakiacha pembeni anaendelea kula. Kivinjari cha 2010 kikikutana na agizo la CSS la 2024, kinaliruka. Ukurasa unapoteza urembo, maneno yanabaki. JavaScript, lugha inayoupa ukurasa vitendo, haina ustaarabu huo. Mwaka 2020 lugha hiyo iliongezewa alama ya kuuliza inayofuatwa na nukta, njia fupi ya kuuliza “hiki kipo?” kabla ya kukitumia. Chrome iliielewa kuanzia toleo la 80, Februari 2020, na Safari ya iPhone kuanzia iOS 13.4 mwezi uliofuata. Kivinjari kisichoijua hakiruki mstari ule. Kinalikataa faili zima, kuanzia neno la kwanza. Alama mbili za uandishi, na msimbo wa mistari 20,000 haujasomwa hata mmoja. Kama tovuti yako imejengwa kwa mtindo wa siku hizi, ambapo seva (kompyuta inayohifadhi tovuti) hutuma ganda tupu na JavaScript ndiyo inayochora kila kitu ndani yake, basi mtu amepata ganda.

Fomu yangu ya chuo ilikuwa hivyo. Fomu ya sehemu tisa za kujaza, kitu ambacho HTML ilikiweza tangu miaka ya 1990, niliijenga kama ghorofa. Kwa nini? Kwa sababu ndicho nilichokuwa nimejifunza mwaka ule, na mkononi nilikuwa na nyundo mpya.

Wapinzani wangu wana hoja moja ambayo naikubali, tena nadhani hawaitumii vya kutosha. Njia iliyozoeleka ya kubeba vivinjari vya zamani ni kuongeza: unatafsiri msimbo mpya kuwa wa kizamani, ambao huwa mrefu zaidi, unabandika na viraka vya kuziba kila pengo, halafu unampelekea kila mtu. Mwenye simu mpya anabeba viraka asivyovihitaji. Mwenye simu ya zamani anabeba mzigo mkubwa kwenye kichakataji kidogo, kwa bando lilelile la shilingi mia tano. Ukurasa wa kawaida kwenye simu duniani tayari unapita MB 2. Huo “msaada” unaongeza juu yake. Wakisema huo ni upotevu, wamesema kweli. Kumsaidia mwenye kifaa dhaifu ni kupunguza, na kupunguza hakuonekani kwenye ankara. Mteja haoni ulichokiondoa.

BBC walikuwa na jibu zuri mwaka 2012, walipoijenga upya tovuti yao ya habari kwa ajili ya simu. Kila kivinjari kilipelekewa habari yenyewe, maneno na viungo, ukurasa unaosomeka peke yake. Kisha msimbo mfupi uliuliza maswali matatu tu kuhusu uwezo wa kivinjari. Kikijibu ndiyo kwa yote, kinaletewa vikorombwezo vilivyobaki. Kikijibu hapana, hakisumbuliwi tena. Hawakujali jina la kivinjari wala mwaka wake, na hawakujaribu kumfanya mzee acheze kama kijana. Wikipedia, pamoja na ile ya Kiswahili, inafanya karibu hivyo mpaka leo: vivinjari vya kisasa vinapata JavaScript, vilivyobaki vinapata makala, na mtu anaweza kusoma na hata kuhariri.

Mtu asidhani anayefaidika ni mwenye simu mbovu peke yake. Mwaka 2013 idara ya huduma za kidijitali ya serikali ya Uingereza ilipima ni wageni wangapi hawapati JavaScript kwenye tovuti yao. Ikapata asilimia 1.1. Cha ajabu, ni asilimia 0.2 tu ambao vivinjari vyao havikuwa nayo au walikuwa wameizima. Asilimia 0.9 walikuwa na vivinjari vinavyoiweza kabisa, ila haikufika: mtandao ulikatika, kitu fulani njiani kiliizuia, ikachelewa. Huko ni Uingereza. Huku kwetu, mtu aliye kwenye basi kati ya Dumila na Gairo anabadilika kuwa mwenye kivinjari cha zamani kila baada ya kilima.

Na kama unataka mfano wa nyumbani, usiende mbali. Siku ya matokeo ya Baraza la Mitihani, kurasa zinazofunguliwa na nchi nzima ni HTML tupu: orodha ya shule kwa alfabeti, ukibonyeza shule unapata jedwali la namba za watahiniwa na madaraja yao. Hakuna kinachoteleza, hakuna kinachozunguka. Mbunifu wa Nairobi atazicheka. Lakini zinafunguka kwenye Opera Mini, zinafunguka kwenye simu iliyopasuka kioo, na mtoto wa Sengerema anaona “Division II” yake dakika ileile anayoiona mtoto wa Masaki. Sijawahi kutengeneza kitu kilichowafikia watu wengi namna ile kwa usawa namna ile, na nimetengeneza vitu vinavyoteleza sana.

Nimeitaja Opera Mini nayo inastahili neno. Tangu 2006 ilipotolewa kwa dunia nzima imekuwa mlango wa kwanza wa intaneti kwa watu wengi wa huku, hata kwenye viswaswadu. Ukurasa hufunguliwa kwenye seva za Opera, hukamuliwa, kinachofika kwako ni kama picha yake nyepesi. JavaScript huendeshwa kulekule kwa muda mfupi, kisha hukatwa. Si kivinjari cha zamani, kinasasishwa vizuri tu. Ni kivinjari cha mtu anayehesabu bando. Fundi anayepima “uzee” kwa tarehe hatamwona huyu kamwe.

Imebaki hoja ya usalama, ambayo ndiyo nzito. Kivinjari kisichosasishwa kina mashimo yanayojulikana. Kukiruhusu ni kumruhusu mtu ajihatarishe, na pengine kuwahatarisha wengine. Kwenye fedha sibishani: kanuni za kimataifa za kadi za malipo zilitaka njia ya usimbaji ya TLS 1.0 iachwe kufikia tarehe 30 Juni 2018, na benki iliyomkatalia mwenye simu iliyoishia hapo ilifanya sawa. Lakini hata upande huu, wanaoijua kazi huwa hawana haraka ya kufunga mlango. Let’s Encrypt, wanaotoa vyeti vya bure vinavyoweka kufuli kwenye mamilioni ya tovuti, walitangaza Novemba 2020 kwamba mwaka unaofuata simu za chini ya Android 7.1.1 zitaanza kuvikataa vyeti vyao, kwa sababu hazikuwa na cheti chao mama. Simu hizo zilikuwa asilimia 33.8 ya simu zote za Android wakati huo. Mwezi uliofuata walirudi na suluhu: cheti kilichosainiwa na kampuni nyingine ya zamani, kinachotumia ukweli kwamba Android haichunguzi kama cheti mama kimepita muda wake. Wakanunua miaka mitatu. Mpaka wanajiandaa kuiacha njia hiyo mwaka 2024, simu zilizokiamini cheti chao zilikuwa zimepanda kutoka asilimia 66 hadi 93.9. Watu walibadilisha simu kwa mwendo wa mifuko yao, na hakuna aliyefukuzwa katikati ya safari.

Ninachotaka kukisema kwa wale wa usalama ni hiki. Mtu akifungiwa fomu kwenye simu yake, haja ya fomu haiishi. Mkopo wa elimu ya juu una tarehe ya mwisho. Kenya imehamishia zaidi ya huduma 5,000 kwenye eCitizen, tovuti yake ya huduma za serikali. Cheti cha kuzaliwa hakisubiri ununue Samsung. Mtu huyo anatembea mpaka steshenari, analipa elfu mbili, anakaa kwenye benchi, na zamu yake ikifika anamtajia kijana namba yake ya kitambulisho, jina la mama yake, na nywila, kwa sauti, mbele ya watu wanne. Kijana anaandika nywila kwenye daftari ili mteja akirudi asisumbuke. Nimeliona daftari hilo kwa macho yangu, lina kurasa nyingi. Ana moyo mzuri yule kijana, na Windows 7 yake ina Chrome iliyogota kama ile tuliyoiogopa. Tumemzuia mama asitumie simu ya zamani aliyoishika mwenyewe, kwa ajili ya usalama wake.

Kwa hiyo kipimo changu siku hizi kinaanza na kazi ya ukurasa, umri wa kivinjari unafuata. Kama ni mchezo, kihariri cha video, ramani inayozunguka pande tatu, weka masharti unayotaka. Anayevihitaji ana kifaa. Kama ni kitu ambacho mtu hana pengine pa kukipata, yaani matokeo, maombi, ratiba ya kliniki, bei ya korosho mnadani, basi maneno na fomu vifunguke popote panapofunguka HTML, na urembo uje baadaye kwa wanaouweza. Na kama ni lazima umkatae mtu, mkatae kwa maneno yanayosomeka kwenye kivinjari chake, ukimpa njia nyingine: namba ya simu, ofisi, fomu ya karatasi. Weupe si jibu la kumpa mtu mzima.

Gharama? Ipo. Nilipoijenga upya fomu ya chuo ilinichukua siku moja na nusu ambazo hakuna aliyenilipa, kwa kuwa kosa lilikuwa langu. Ningeijenga hivyo tangu mwanzo ingenichukua siku moja. Kwenye droo yangu sasa kuna Tecno ya zamani niliyoinunua kwa fundi simu wa Makumbusho, kioo kina ufa unaopita katikati ya skrini kama mto, na kazi haitoki kwangu kabla haijapita humo.

Yule mama nilimpigia mimi.

“Mama, jaribu tena.”

Kimya. Nikasikia kuku, nikasikia mtu akisonga kiti.

“Imefunguka. Lakini mwanangu, ya kwenye simu ya mhasibu niliiona ina rangi nzuri, ina na picha. Yangu mbona kama risiti?”

“Ndiyo mama, yako iko kama risiti.”

“Haya. Nikijaza inapokelewa?”

“Inapokelewa, mama.”

“Basi subiri nivae miwani.”